Nahamia Kiwayu mwaka mzima na najidunga insulini, nibebe dawa kiasi gani?

"Mume wangu ni mwalimu, amepata uhamisho upande wa Kiwayu kule Lamu na tunahama sote baada ya wiki sita, kwa mwaka mmoja ama zaidi. Mimi nina miaka 46, nina sukari na presha. Najidunga insulini ya mchanganyiko ile ya 70/30, yuniti 20 asubuhi na 10 jioni, na nameza amlodipini ya presha kidonge kimoja kila siku. Kijana wetu wa miaka 7 ana pumu, anatumia inhela ya buluu. Nyumba tunayopewa haina friji, kuna sola ndogo tu ya taa na kuchaji simu. Nimeanza kuweka pesa ninunue dawa za mwaka mzima hapa Mombasa nisije nikaadhirika huko. Mamamkwe asema insulini niiweke kwenye mtungi wa maji, shemeji ana friza ya samaki huko asema nimpe yeye aniwekee, na jirani aniambia dawa hata tarehe ikipita mwaka mzima bado yafanya kazi. Nimsikilize nani?"

Dadangu, kwa hao watatu mamamkwe ndiye aliye karibu na ukweli, jirani ana robo yake, na shemeji, pamoja na nia yake njema yote, ndiye atakayekuharibia dawa zote usiku mmoja. Ntawaeleza mmoja mmoja. Lakini hio pesa ya dawa za mwaka mzima hebu isimamishe kwanza.

Hofu yako naielewa vizuri, unaogopa kuishiwa mahali ambapo kufika kwa kemisti ni kupanda boti, kusubiri maji yajae mpite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na msimu wa kusi bahari ikichafuka pengine nahodha akuambie leo hatutoki. Ni hofu ya maana. Tatizo ni kwamba umeanza na hesabu ya kiasi, na mimi ningependa uanze na kitu kingine, kila dawa itaishi siku ngapi huko bila friji, na ile itakayofuata itakufikia vipi. Amlodipini, insulini, stripu za kupimia sukari na inhela kila kimoja kina muda wake, huwezi kuvitia kwenye kapu moja ukasema hivi ni vya mwaka.

Tuanze na insulini manake ndio yenye maneno. Insulini ni protini, na protini ina umbo lake limekunjwa kwa njia fulani, umbo hilo ndilo linalofanya mwili uitambue. Ukiipasha joto sana inafanana na ute wa yai ukishaiva, hata ukiuweka kwenye barafu baadaye haurudi ulivyokuwa. Tofauti ni kwamba yai utaliona limeiva, insulini mara nyingi huioni kitu, unajidunga kama kawaida na sukari inapanda tu, unaanza kujilaumu ati nimekula nini jana. Ndio kwenye karatasi yake wanaandika kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye friji kati ya digrii 2 na 8, na ukishakifungua unaweza kukaa nacho nje, chini ya digrii 30 hivi, kwa muda maalum. Muda huo hutofautiana kidogo insulini na insulini, lakini wiki nne ndio hesabu ninayowapa watu wanaonijia hapa kaunta na hawapotei.

Sasa habari njema. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilifanyia utafiti jambo hili hili, na walilipima hapa hapa Kenya, kwenye kambi ya Dagahaley kule Dadaab, wakaangalia joto la ndani ya nyumba za wakimbizi linavyopanda mchana mpaka 37 na kushuka usiku mpaka 25, kisha wakaiweka insulini kwenye joto hilo hilo la kupanda na kushuka kwa wiki nne. Matokeo yalitoka 2021, na insulini ilikuwa imebaki na nguvu zake karibu zote. Kwa hivyo wale wanaokutisha ati bila friji usiende, wamezidisha. Kichupa kimoja unachokitumia kitaishi kwako mwezi wake bila shida, mradi hukiweki juani, ama juu ya bati, ama karibu na jiko.

Lakini angalia hapo pagumu. Wiki nne hizo ni za kichupa kilichotoka kwenye friji, kimefunguliwa ama hakijafunguliwa. Ukienda na vichupa kumi na tatu ukavipanga mtungini, havisubiri zamu! Vyote vinazeeka pamoja kuanzia siku ile ile, na mwezi wa nne unachokifungua kipya kina miezi mitatu ya joto ndani yake, hakuna mtu aliyekipima na hakuna atakayekuhakikishia. Hapo ndipo pesa yako ya mwaka inapotelea.

Hesabu yako yenyewe iko hivi. Yuniti 30 kwa siku, kwa siku 28 ni yuniti 840, na kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Kwa hivyo kichupa kimoja ni mwezi mmoja, na zile 160 zinazobaki unazitupa, najua inauma lakini zitupe. Andika tarehe uliyofungua kwa kalamu ya wino mzito kwenye kichupa chenyewe, si kwenye boksi, boksi hupotea. Mwaka mzima ni vichupa 13. Mimi ningekuambia uondoke Mombasa na vitano, vitatu vya miezi mitatu ya kwanza, kimoja cha bahari kuchafuka, na kimoja cha kuvunjika manake sakafu ya saruji na mkono wenye mafuta ya nazi ni maadui. Katika hivyo vitano, nyumbani kwako kinakaa kimoja, kile unachotumia. Vinne vinatafutiwa friji ya kweli.

Friji ya kweli ni ipi? Si ya shemeji. Insulini ikiganda imekufa, na kuganda kunaiua haraka zaidi kuliko joto. Kwenye hio ya mchanganyiko, zile chembe nyeupe zinazofanya ionekane kama maziwa zinashikana mabonge, dozi haitoki sawa, mara umejidunga nyingi mara kidogo, na ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima kabisa. Friza ya samaki kazi yake ni kugandisha, hata akikuahidi ataweka pembeni. Na barafu ya samaki ni vivyo hivyo, usizike kichupa kwenye barafu ati kipoe, kikigusana nayo kitaganda upande. Kama siku ya safari lazima utumie barafu, funga barafu kwa leso iliyokunjwa mara kadhaa na insulini ikae mbali nayo ndani ya boksi lake. Mwambie shemeji ahsante, umwombe samaki.

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni zahanati ya serikali iliyo karibu na shule. Vituo vinavyochanja watoto huwa na friji ya chanjo, mara nyingi ya sola, na chanjo nyingi zinataka digrii zile zile 2 mpaka 8. Sikuahidi watakukubalia, friji ya chanjo ina masharti yake na nesi msimamizi anaweza kusema hapana na akawa na haki, lakini wengi mgonjwa wao akija na barua ya daktari na vichupa vinne kwenye kikopo chenye jina wanamtafutia njia. Akikataa, njia inayofuata ni kupokea kichupa kimoja kimoja kila mwezi kutoka Faza, kisiwani Pate, ama kutoka hospitali ya kaunti pale Lamu mjini, ambako faili lako lihamishiwe kabla hujaondoka. Kisha kuna watu wataokuambia nunua friji ndogo ya sola. Ni kweli zipo, lakini hio sola ya taa haitaiendesha, utahitaji paneli kubwa na betri yake, na gharama yote hio ni ya kuhifadhi vichupa vinne. Mimi nisingenunua, labda kama mtakaa miaka na familia itaitumia kwa mambo mengine.

Haya mtungi. Mamamkwe ana haki, ila asitarajie makubwa. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo, yanatoka nje kuwa mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Kule Garissa hewa kavu mtungi unapoa sana. Sisi Pwani hewa imeshashiba unyevu, si unaona hata nguo zinavyokauka polepole, kwa hivyo maji hayatoki kwa kasi na mtungi unashusha digrii chache tu. Lakini wewe unahitaji hizo hizo chache! Unataka kutoka 33 ushuke chini ya 30, hutafuti baridi ya friji. Chukua chungu kidogo ukiweke ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, umwagie maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya boksi lake, boksi ndani ya kikopo kilichofungwa kisiingie maji. Nunua na kipimajoto kidogo cha ukutani ukitumbukize humo siku mbili tatu uone mwenyewe, usiniamini mimi. Miezi ya kuogopa ni ya mwisho wa kaskazi, wa tatu na wa nne hivi, mwezi wa saba na wa nane kusi inavuma hata bila mtungi utakuwa sawa. Na kabla ya kila sindano kiviringishe kichupa taratibu viganjani mpaka kiwe cheupe sawasawa, usikitikise kama soda. Ukiona mabonge yasiyochanganyika ama utando mweupe umeganda kwenye kioo, usikitumie. Na sukari ikipanda siku mbili mfululizo bila sababu, fungua kipya kwanza kabla hujaongeza yuniti.

Safarini insulini inakaa na wewe, kwenye mkoba. Si kwenye buti la basi, kutoka Mombasa mpaka Mokowe ni safari ya kutwa na buti hilo linakuwa tanuri. Chupa ya chai yenye mdomo mpana isuuze kwa maji baridi, ifute ikauke kabisa, tia vichupa ndani na boksi zake, ifunge. Inatosha kabisa.

Sindano nimeona watu wanasahau halafu wanatumia moja wiki nzima. Unajidunga mara mbili, kwa hivyo 60 kwa mwezi, na hizi hazina shida ya joto, mradi ziwe kavu. Hizi ndizo unaweza kununua nyingi kwa pamoja. Hakikisha zimeandikwa za yuniti 100 kwa mililita sawa na insulini yako. Zilizotumika zitie kwenye galoni ngumu la sabuni lenye kifuniko, likijaa lipeleke zahanati, usitupe ufukweni watoto wakazikanyaga. Stripu ni kinyume chake, hizo unyevu ndio unaziua. Kila ukifungua kile kichupa chake, hewa ya bahari inaingia, kwa hivyo nunua vichupa vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa, toa moja, funga hapo hapo, usizihamishe kwenye kikopo kingine hata kiwe kizuri vipi. Angalia pia kwenye boksi wameandika zitumike ndani ya miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Na kabla ya kununua uhakikishe ni za mashine yako, kisha ununue betri za akiba.

Amlodipini ndio rahisi katika yote. Inavumilia chini ya digrii 30, kavu, kwa muda wake wote ulioandikwa, kwa hivyo hio ukitaka beba ya miezi sita na sina neno. Ila iache kwenye karatasi zake za kubonyeza. Kuna watu wanakaa jioni wanabonyeza vidonge vyote mia na ngapi wanavitia kwenye mkebe wa biskuti, wakidhani wamerahisisha mambo, kumbe ile karatasi ndio iliyokuwa ikizuia unyevu.

Na jirani yako. Ni kweli jeshi la Marekani tangu 1986 lina mpango wa kupima dawa za akiba zilizopitwa na tarehe, na nyingi zilikutwa bado nzima. Robo ya ukweli ndio hio. Robo tatu zilizobaki ni kwamba dawa hizo zilikuwa zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani, kwenye stoo ya joto linalodhibitiwa, si kwenye kabati la mabati Kiwayu. Tarehe iliyo kwenye boksi ni ahadi ya kiwanda kwa dawa iliyohifadhiwa walivyosema. Wewe ukiihifadhi vibaya, inaweza kufa hata kabla ya tarehe. Kidonge cha maumivu ya kichwa kilichopita mwezi sitakupigia kelele, lakini insulini, dawa ya maji ya mtoto, matone ya macho, na inhela ya pumu, hapana. Unaponunua tafuta tarehe ya mbali, na usione haya kumwambia aliye kaunta akutolee boksi lingine.

Sasa kijana, na hapa nina wasiwasi zaidi kuliko hata insulini yako, manake umeandika mstari mmoja tu. Inhela ya buluu ni ya kufungua kifua kikishabana. Haizuii kitu. Kama anaihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, ama anaamka usiku akikohoa, pumu yake haijashikwa na anahitaji inhela ya kuzuia ya kila siku, hio ni kazi ya daktari na ni lazima ifanyike kabla ya boti. Inhela nyingi za buluu zina pafu 200, yaani mipulizo 200, kwa hivyo piga hesabu anatumia ngapi kwa wiki, na uwe na mbili akiba. Ile ya kuitupia kwenye maji uone kama inaelea ni uongo, haisemi kitu na unalowesha mdomo wake, andika pafu kwenye daftari ama nunua yenye namba. Usiiache juani, ni mkebe wenye presha. Na kama hana spesa, kile chombo cha kuunganishia inhela avute dawa polepole, chupa safi ya maji ya nusu lita inafanya kazi hio, toboa chini tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara, yeye anavutia mdomo wa chupa. Imepimwa na watafiti kwa watoto, inafanya kazi vizuri.

Vingine nitavipita haraka. Beba ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji mtu akiharisha, na zinki za kutosha, na usome pakiti ni ya nusu lita ama lita nzima. Zikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Maji ya jabia, lile birika la maji ya mvua, yachemshe ama uyatie dawa hata yakionekana maangavu. Neti kwa kila kitanda. Antibiotiki za kubahatisha usibebe, wala dawa za malaria za kumeza kwa kudhania, homa ipimwe kwanza. Na weka glukosi ama sukari mkobani na kando ya kitanda, ukitetemeka na jasho baridi na kipimo kiko chini ya 4, vijiko vidogo vitatu kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ah, na Ramadhani. Miaka hii inaangukia karibu na miezi ya joto, na kwa mtu wa sindano mbili kwa siku dozi haiwezi kubaki ile ile ukifunga. Uliza mapema, usiipange mwenyewe.

Kuna mambo ambayo hata uwe na stoo nzima ya dawa nyumbani hayasubiri. Unatapika, sukari iko juu ya 15 haishuki, unapumua kwa kasi ama unasikia usingizi usio wa kawaida, tafuta boti saa hio hio, na usiache insulini ati kwa sababu hujala bila kuongea na daktari. Kidonda cha mguu, hata kidogo kisichouma, kionwe na nesi siku hio. Kijana akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinazama akivuta pumzi, ama midomo inageuka rangi, mpe pafu nne za buluu kupitia spesa, moja moja, huku mnaelekea kituoni, rudia baada ya dakika 20, msikae nyumbani kuona kama itatulia. Leo hii mumeo ampigie mwalimu mkuu wa huko amuulize vitu vitatu tu, zahanati iko umbali gani, friji yake inafanya kazi, na boti ya dharura ni ya nani na namba yake.

Kisha wewe na kijana muende kliniki yenu wiki hii, kama ni Makadara ama kwingine, msingoje wiki ya mwisho. Omba upimwe sukari ya miezi mitatu, figo, macho na miguu, presha iangaliwe, na umuulize daktari wazi wazi kama hio insulini ndio bado inayokufaa kwa maisha ya huko ama kuna njia nyingine, manake akibadilisha kitu nataka uwe na wiki kadhaa za kuijaribu ukiwa bado mjini. Utoke na barua ya rufaa ya Lamu, dozi zako zikiwa zimeandikwa kwa maandishi yanayosomeka, na ya mtoto kivyake. Ukishapata hio barua ndio uje kaunta na pesa yako tupange vile vichupa vitano.